Kamera ya Doti Tatu

Jumamosi, 12 Aprili

Masika yameanza leo adhuhuri, na mimi nimepata kamera. Yote mawili yaliingia dukani pamoja, na yote yalikuwa yamelowa.

Aliyeileta ni msichana aitwaye Nafula, karani wa yadi moja ya makontena kule Changamwe, mkaazi wa Chaani. Alitaka leso za kupeleka kwao bara kwenye arusi ya dadake, akavuka feri mpaka hapa Likoni kwa sababu aliambiwa leso za duka la Samah, ndiye mimi, hazichuji. Aliyemwambia hakusema uongo. Alichagua na kuchagua hadi nikamuonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Mwisho akatua kwenye doti tatu, akafungua mkoba, na kabla ya pochi kikatoka kitu kizito cheusi chenye ukanda wa ngozi.

"Hii ilikuwa ya marehemu baba," akasema. "Alikuwa na studio Chaani. Ni ya filamu, dada. Siku hizi nani anataka hii kitu?"

"Mimi," nikasema. Mdomo uliitangulia akili.

Basi akaondoka na doti zake tatu, nami nikabaki na kamera ya Kirusi na lenzi mbili. Zorki, ndiyo iliyoandikwa juu. Kabla hajatoka alinisimamisha mlangoni na kuniambia nichungulie kwenye kidirisha, nitazame katikati. Pale katikati pana doa dogo la manjano. Ng'ambo ya barabara jirani yetu Bi Mwidani alikuwa akianika mkeka chini ya baraza, na ndani ya doa lile walikuwako Bi Mwidani wawili, mmoja mwenyewe na mmoja mwepesi, kama kivuli chenye rangi, amesimama pembeni yake. "Sasa zungusha lenzi polepole," Nafula akasema. Nikazungusha. Yule mwepesi akaanza kutembea, akamkaribia mwenzake, akaingia ndani yake, wakawa mtu mmoja.

Nina miaka arubaini na tatu. Sikumbuki mara ya mwisho kitu kilinishangaza hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sikuuza hata leso moja. Nimekaa nyuma ya meza nikiunganisha watu wanaopita na vivuli vyao. Mama ameuliza nachungulia nini. Nimemwambia mvua. Akasema mvua haichunguliwi, huonekana.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo nimeigusa habari ya picha nyumbani, na ingekuwa heri nikagusa jiko la makaa.

Sheikha anaolewa mwezi ujao. Ni binti wa marehemu dadangu Zuleikha, aliyefariki Sheikha akiwa na miaka miwili, na tangu hapo mimi na Mama ndio tuliomlea. Mume, Hadi, kwao ni Junda lakini kazi yake iko Maskati, na huko ndiko atakakompeleka. Sheikha hana haja ya dhahabu wala vitanda. Kuna kitu kimoja tu anachotaka: picha ya kupamba kwake, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, na ndani ya picha hiyo awemo Nyanya yake.

Namuelewa. Ya mamake hana hata moja. Zilikuwako, katika albamu yenye jalada jekundu, hadi masika ya mwaka ule paa lilipovuja kabatini, picha zikagandana. Mama alizitupa. Sheikha amekuwa mtu mzima akiulizia sura ya mamake kwa watu, na kila mtu humpa kipande chake: huyu pua, yule mwendo, mwingine kicheko.

"Nyanya, mimi nakwenda mbali," alimwambia leo, akimkanda goti. "Nami sitaki kuja kumsahau mtu wa pili."

"Sura yangu waijua," Mama akajibu. "Na picha ya mwanamke hufika asikofika mwenyewe. Mato hayana pazia, huona kila kitu."

Alikuwa na hoja. Mwaka juzi picha za kupamba kwa binti mmoja wa mtaani ziliponyoka kwenye simu ya mgeni, na kufikia Jumatatu kila kijana wa maskani alikuwa amemuona kichwa wazi na mabega wazi. Yule binti hatoki nje mpaka leo. Tangu hapo kwetu simu hazivuki mlango wa kupamba. Bi Mwidani hukaa kizingitini na kapu, na hata mama wa bwana harusi huitia yake humo.

Nikasema, "Kamera yangu haina mtandao, Mama. Picha hukaa tumboni mwake."

"Na humo tumboni azitoa nani? Si mwanamume wa studio?"

Mama yangu hana shule, lakini ukimpa uzi hukuonyesha ulipokatika.

Jumapili, 27 Aprili

Nimegombana na Mama kwa sababu ya mchele.

Niliambiwa kwamba unyevu wa masika huotesha ukungu ndani ya lenzi, uzi mmojammoja, mpaka kioo kiwe na mizizi. Nikaogopa. Ile lenzi ndogo nikaifunga kwa kitambaa nikaizika katika pipa la mchele, kwani si mchele hufyonza maji? Leo Mama akaingiza kopo, akatoa kioo kinachomtazama.

"Samah!"

"Abee, Mama."

"Siku hizi mtele una mato?"

Alichekwa mtu hapa, na mtu huyo ni mimi. Nafula alipofika alasiri, akamwamkia Mama shikamoo akaitikiwa marahaba, akasimuliwa yote, akacheka hadi akaketi chini. Mchele una vumbi, akasema, vumbi ni adui mwingine. Akanitolea mifuko ya dawa ya unyevu wanayoning'iniza ndani ya makontena ili mizigo isioze baharini. Sasa kamera na lenzi zinalala katika debe la biskuti pamoja na mifuko hiyo.

Niseme ukweli: siku ile ya kwanza nilimuona msichana wa bara tu, Kiswahili chake kinanikwaruza masikio. Leo nimemuona akiishika kamera ya babake kwa kidole gumba, akipapasa mahali ngozi ilipochakaa. Nikatamani kumrudishia. Lakini sikumrudishia.

Alinifundisha lenzi zangu. Ile ya mchele, Industa, hujikunja ndani. Usipoivuta nje kabla ya kupiga, utapata ukungu mtupu. Ukiivuta vizuri ni kali, huonyesha kila kunyanzi bila huruma. Ile kubwa, Jupita, ukiifungua yote inakuwa laini: anayetazamwa huonekana wazi, na nyuma yake dunia inayeyuka. Nikamuuliza babake aliipenda ipi. Akasema Industa ilikuwa ya pasipoti. Jupita ilikuwa ya mamake Nafula.

Alhamisi, 1 Mei

Mama amekubali. Nusu.

Nafula ndiye aliyefungua mlango. Alimwambia Mama kwamba vyombo vya babake vya kusafishia picha bado viko chini ya kitanda Chaani, na kwamba yeye mwenyewe alikua akimsaidia gizani. "Nyanya, hakuna mwanaume atagusa. Ni mimi na Dada Samah, kwa bafu lenu. Filamu haitoki kwa hii nyumba."

Mama akamaliza kahawa yake. Kisha akatoa masharti. Tangu kamera ifunguliwe hadi karatasi ikauke, macho ya wanawake peke yake. Filamu ikishasafishwa itakaa katika kasha lake, na ufunguo anao yeye.

"Na mimi msinipige," akamaliza.

Sheikha aliibusu mikono yake kwa furaha, lakini nilimuona usoni. Nusu ya pili ndiyo aliyoitaka zaidi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua siku kutwa. Tumejaribu filamu ya kwanza. Dirisha la bafu tumeliziba kwa mkeka na leso nne, tukazima na balbu. Dawa inataka maji ya baridi, na bomba la Likoni halijui baridi, basi nikanunua barafu kwa Changawa wa samaki. Akaniuliza ni samaki gani. Nikamwambia changu.

Kusuuza mwisho tumetumia maji ya mvua ya tangini. Nafula asema hayaachi madoa. Filamu ilitoka na barabara yangu, paa za mabati, watoto chini ya mwavuli mmoja, Bi Mwidani na mkeka wake. Vyeupe vyeusi, vyeusi vyeupe. Niliishika kwenye mwanga wa dirisha nikaona mvua nyeusi ikinyesha mchana mweusi, na nilipotoka nje nilishangaa kuikuta dunia na rangi zake.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Kuna uyoga nyuma ya tangi.

Ijumaa, 23 Mei

Sheikha ameozwa baada ya swala ya Ijumaa. Mama hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya nyumba nzima.

Jumapili, 25 Mei

Nywele zangu bado zanukia udi.

Kupamba kulifanywa jana alasiri, maana Mama hawezi tena kukesha. Bi Mwidani alikaa mlangoni na kapu lake, simu zimejaa humo zikilia chini ya kitambaa kama vifaranga. Akaniangalia kamera shingoni, akaigonga kwa ukucha, akauliza, "Hii haina namba?" Nikamwambia haina. Akanipisha.

Nilianza na vitu. Sinia za kaimati, viatu vilivyolundikana mlangoni, mikono yenye hina, watoto wamelala juu ya mabuibui. Kisha mrashi ukaanza kuzungushwa. Marashi na lenzi hawapatani, nao ni kama wake wenza, basi nilipomuona mwenye mrashi ananijia nikachomeka kifuniko cha lenzi upesi. Alininyunyizia kichwa na mabega hadi nikalowa, na lenzi ikabaki kavu. Nikajisifu kimoyomoyo.

Papo hapo vigelegele vikapasuka. Sheikha anatolewa.

Alivaa kijani. Kichwani asumini tupu, mabega yamepakwa liwa yanang'aa, macho ameyainamisha kama alivyofundishwa. Wanawake walijaa mbele, nikapenya kwa viwiko mpaka nikafika. Nikaweka jicho kwenye kidirisha, na kelele zote zikaenda mbali. Kulikuwa na Sheikha wawili ndani ya doa la manjano. Mmoja amekaa, mmoja mwepesi anamjia. Nilizungusha taratibu sana, sikutaka wafike haraka. Yule mwepesi nilimpa jina. Nilimwita Zuleikha. Nikamwacha amkaribie mwanawe, aingie, nikabonyeza.

Nilipiga filamu nzima hivyo. Sijawahi kuwa na saa tamu kama ile.

Mama alikaa mstari wa mbele kabisa, amejitanda leso yake ya hudhurungi. Mara mbili tatu nilipoteremsha kamera nilimkuta ananitazama mimi, si bibi harusi. Nilidhani ni fahari.

Jumatano, 28 Mei

Tumesafisha filamu ya kupamba.

Nafula ndiye aliyeitoa kwenye maji na kuinyoosha. Kaimati zipo. Viatu vipo. Mikono ya hina, watoto, mwanamke wa mrashi kwa mbali. Baada ya hapo filamu ni nyeupe mpaka mwisho, unaona ukuta wa bafu kupitia kwake. Nilidhani bado itatokea. Nikamuuliza Nafula kama tuirudishe kwenye dawa.

Aliniuliza, "Dada, kifuniko ulikitoa lini?"

Na mimi nikakumbuka marashi yakinitiririka shingoni.

Kamera hii haichunguliwi kupitia lenzi. Kidirisha kina njia yake na lenzi ina yake. Unaweza kuifumba lenzi kabisa, na kidirishani ukaendelea kuona bibi harusi, na asumini, na wafu wakirudi. Nafula aliniambia tangu siku ya kwanza. Niliitika ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeambiwa achunge mwavuli.

Nililia nikiwa nimekaa ukingoni mwa ndoo. Nafula akakaa chini kando yangu, sakafu ina maji, akanishika mguu. Akasema hata babake yaliwahi kumpata haya, ubatizo wa watoto saba, na aliporudi nyumbani alikunywa chai kikombe kizima bila sukari na hakujua. Sikuweza kucheka, lakini nilimshukuru.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua. Sheikha amepiga simu kutoka Junda kwa wakwe zake. "Mamdogo, picha zimekauka?" Nikasema bado, kwa mvua hii.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua. "Zimekauka?" Bado.

Jumatatu, 2 Juni

Leo jua limewaka tangu asubuhi, jua la kuanika mchele. Simu ikalia. Nikaiacha ilie.

Alhamisi, 5 Juni

Tiketi ya Sheikha imetoka. Jumapili ya wiki ijayo. Habari ya filamu sijamwambia. Debe la biskuti sijalifungua.

Jumapili, 8 Juni

Sheikha alikuja kutupa mkono wa Idi, na alipomaliza kula akaniomba nimuonyeshe, hata kama ni mbichi. Nikaleta filamu. Nikampa mkononi. Akaishika kwenye mwanga, akapita kaimati, akapita viatu, akafika penye weupe, akaendelea kuivuta mkononi mpaka ikaisha.

"Niko wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Marashi, kifuniko, kidirisha. Nilijieleza sana, na kadiri nilivyojieleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi.

Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Aliikunja filamu vizuri, akanirudishia. "Basi nitakwenda hivyo hivyo," akasema. "Nilivyokuja ndivyo nitakavyokwenda. Mama sina sura yake, na Nyanya nitakuwa nikimuulizia kwa watu."

Alisema hivyo bila kujua Mama yuko dirishani, ameshika tasbihi.

Alipoondoka, Mama akaniita. Nikaitika abee, nikaenda. Akanielekeza niketi mkekani.

"Nalikiona," akasema.

"Nini, Mama?"

"Kifuniko. Siku ile ya kupamba. Nalikiona tangu mwanzo, wapiga na jicho la chombo limefumba. Nikanyamaa. Nikasema, Mngu kataka kumsitiri mjukuu wangu, mimi ni nani."

Wallahi nilitaka kupiga kelele. Karibu wiki mbili nilikuwa nikijila nafsi, na yeye ananisikia nikimdanganya mtoto kwa mvua! Nikasimama niondoke.

"Keti, sijamaliza."

Nikaketi.

"Zile picha za dadako hazikuharibiwa na mvua. Ziligandana tu, uso kwa uso. Ningaliziacha. Lakini nalikuwa na hamu naye, nikashika ncha nikabandua." Alinyoosha kidole gumba na cha shahada, akavitazama. "Uso wake ukabanduka. Ukabaki kwenye uso wa picha nyingine, umegeuka, hata haujulikani. Nikajaribu ya pili. Nikajaribu zote, Samah. Kila moja nikasema hii itatoka vizuri. Mpaka nikazimaliza."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Sikuwahi kumuona mama yangu akilia, na leo pia hakulia, lakini vile vidole viwili hakuvikunja. Nikavishika mkononi mwangu, tukakaa.

Miaka ishirini nimemdhania ana moyo mkavu kwa habari ya picha. Kumbe alikuwa akiogopa mikono yake mwenyewe.

Baadaye sana akauliza, "Filamu nyingine unayo?"

"Ninayo moja."

"Na nguo za Sheikha zimeungua? Dhahabu imeyeyuka?"

"La, Mama."

"Basi mwambie Sheikha aje Jumatano. Na Mwidani aje na kapu lake."

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka kabla ya adhana kwa wasiwasi. Nimeifungua Jupita, nikaifuta, nikaifunga. Nikaifungua tena.

Walikuja alasiri, Sheikha, Nafula, Bi Mwidani na mpambaji, na mvua juu yao. Sheikha alipambwa upya chumbani kwa Mama, kijani kilekile, hina yake imefifia ikaongezwa piko. Asumini hazikutosha, wakajazia na viluwa. Bi Mwidani alikaa mlangoni kwetu, tena mlango wa nyumba ya watu sita, akakusanya simu zote sita, ya Nafula na ya kwangu zikiwemo. Sheria ni sheria.

Tuliweka kiti karibu na dirisha la uani, mahali mwanga wa mvua unaingia bila ukali. Sheikha akaketi. Nikasubiri Mama aende kukaa na wenzake pembeni kama kawaida. Hakwenda. Alivuta kiti cha pili, akakiweka bega kwa bega na cha mjukuu wake, akaketi, akajinyoosha mgongo. Sheikha aligeuka akamtazama, akafumba mdomo kwa mikono miwili.

"Tazama mbele," Mama akamwambia. "Usiharibu wanja."

Nikainua kamera. Ndani ya kidirisha kila kitu kilikuwa shwari, na katika doa la manjano walikuwa Mama wawili. Siwezi kuwaunganisha. Kila nikizungusha, yule mwepesi ananipita.

"Samah."

"Abee."

"Jicho limefumba."

Nikateremsha kamera. Kifuniko kilikuwa pale pale kwenye lenzi, cheusi, kimya. Nilikuwa nimekirudisha mara ya tatu ile niliyoifuta. Nafula nikamuona ameshika kichwa, na Bi Mwidani akasema, "Ya Rabbi, huyu mtoto."

Mama alishika mkono wa kiti, akainuka juu ya goti lake bovu, akanijia hatua kwa hatua mpaka tukawa uso kwa uso. Kwa vidole vile viwili, gumba na cha shahada, akakishika kifuniko ukingoni. Nilimuona akisita. Kisha akakivuta, kikatoka, na nyuma yake kioo kilikuwa kizima, kina dirisha letu dogo ndani yake na yeye mwenyewe akiwa mdogo. Akakitazama kidogo. Akakifunga kile kifuniko katika pindo la leso yake, fundo mbili, pale anapofunga kila kitu asichotaka kipotee, akarudi kuketi.

"Haya," akasema. "Piga."

Safari hii yule mwepesi alikwenda moja kwa moja akaingia.

Ijumaa, 13 Juni

Mama aliingia nasi bafuni. Hakuna aliyemualika, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, mwanga mwekundu usoni, mimi kushoto na Nafula kulia. Nafula akaimulika karatasi kwa mashine ya babake, akaitia kwenye dawa, akaanza kulitikisa sinia polepole.

Karatasi ikabaki nyeupe. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu yakatokea macho, manne, peke yao ndani ya maji. Macho ndiyo yaliyotangulia, kisha nyusi, kisha nywele na maua, na mashavu yakajiunga baadaye kama watu waliokuwa nje wakaitwa ndani.

Mama aliinama. Hakujitazama mwenyewe hata kidogo. Alimtazama yule wa pembeni yake.

"Zuleikha," akasema.

Nafula aliacha kutikisa sinia. Ilikuwa kweli. Kwenye nyumba hii tumemuona Sheikha kila siku, na kila siku anakwenda, anacheka, anageuka, hatukumpata akiwa ametulia vile. Ametulia, na macho ameinua, na alikuwa dadangu mtupu.

Mama akanyoosha mkono kwenye maji. Nikamshika.

"Usiguse, Mama. Bado mbichi."

Aliurudisha haraka, akauficha chini ya leso. Alibaki hivyo, ameshika mkono wake kwa mkono wake, hadi Nafula alipoisuuza picha kwa maji ya mvua na kuibana kwenye kamba.

Jumapili, 15 Juni

Tumemsindikiza Sheikha uwanja wa ndege. Picha ameifunga ndani ya leso mpya niliyomchagulia, imeandikwa Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hakuitia kwenye sanduku, ameibeba kifuani. Filamu imo kashani. Tukirudi, kwenye feri, Mama akaniuliza kama Maskati kuna mvua.

Jumapili, 22 Juni

Manyunyu tu. Nafula amekuja na vyombo vyote vya babake, sinia, mashine, balbu, kwa vile kwake Chaani vinakula nafasi. Asema vikae kwetu. Nilimwambia kamera ni yake akiitaka. Akasema babake angependa ipigwe kuliko itunzwe, na kwamba zile doti tatu dadake amezivaa hadi zimechakaa, biashara imekwisha. Mama amemtengea sahani yake kila Jumapili.

Jumapili, 6 Julai

Masika yamekatika. Upepo wa kusi unapeperusha leso zangu mlangoni, na vumbi limerudi. Lenzi naifunika kwa kipande cha khanga, kinaanguka kila dakika. Leo nikamwendea Mama uani, alikuwa akichambua mchele juani.

"Mama, naomba kifuniko changu. Vumbi litaiharibu lenzi."

Alishika pindo la leso yake. Lile fundo bado lilikuwapo, limefungwa vilevile. Akalifungua taratibu kwa vidole viwili, akakitoa, akakishika kiganjani. Nikanyoosha mkono. Akakifumba.

"Nitakupa," akasema, akiweka ungo chini na kujitengeneza mtandio. "Lakini nipige kwanza."